Samaki wangu wanakufa kwenye maji yanayong'aa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Wiki mbili na nusu zilizopita nilinunua tangi la kioo la sentimita 50 kwa 30 kwa 30, pamoja na kichujio kidogo na hita. Siku hiyohiyo nikalijaza maji ya bomba, nikatia samaki kumi: wa dhahabu watatu, neoni tetra sita, na yule mweusi anayejibandika kwenye kioo, ambaye muuzaji aliniambia atakula uchafu. Siku ya nne maji yakaingia ukungu mweupe. Nikamwaga yote, nikaosha changarawe kwa maji ya moto, sponji ya kichujio nikaisugua kwa sabuni, nikajaza upya. Ukungu ukarudi, nami nikarudia. Sasa maji yanang'aa, lakini neoni wanne na wa dhahabu mmoja wamekufa, na waliobaki wanahema juu juu, midomo nje ya maji. Nasafisha kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ninakosea wapi, na nikianza upya nianzeje?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na hao watano waliobaki, maana hawana muda wa kusubiri maelezo.

Leo hii badilisha nusu ya maji. Nusu, si yote. Maji mapya yawe na joto lilelile la maji ya tangi (tumia kipimajoto, mkono hudanganya), na yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia. Chujio likiwa na mdomo wa kutolea maji, upandishe hadi upasue uso wa maji, na kama unayo pampu ya hewa iwashe usiku kucha. Usiwalishe leo wala kesho. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula pasipo kudhurika, na kila chembe utakayotupia sasa hivi ni sumu ya kesho. Sponji na changarawe usiviguse kabisa. Kisha tafuta vipimo vya maji, vile vya matone katika chupa ndogo za kioo. Vijiti vya karatasi ni rahisi kutumia lakini havionyeshi vizuri tofauti ndogo, na wewe unazihitaji hizo tofauti ndogo. Pima amonia na nitriti, sumu mbili nitakazokueleza hapa chini, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Amonia au nitriti ikionekana, rudia kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku.

Nitriti ikiwepo, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 6 hivi, katika bilauri ya maji ya tangi, umimine polepole. Najua inasikika kama tiba ya kienyeji. Sababu yake ni hii: nitriti huingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua, na kloraidi iliyomo kwenye chumvi huingilia mlango huohuo. Kloraidi ikiwa nyingi, nitriti hukosa nafasi. Kiasi hicho ni kidogo mno kuwadhuru neoni. Ila kumbuka kwamba chumvi haivukizi, kwa hiyo usiongeze kijiko kingine kila siku. Rudishia tu ile sehemu uliyoitoa pamoja na maji.

Sasa kosa lenyewe. Hujawaua kwa uchafu. Umewaua kwa usafi, na sikulaumu, kwa sababu hata mimi tangi langu la kwanza nililichemshia sponji. Nilidhani nafuga samaki, kumbe kinachofugwa kwanza ni bakteria, na samaki ni wageni wao.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua na siyo kwa kinyesi kama wengi wanavyodhani. Chakula kilichobaki na majani yaliyooza huongeza nyingine. Mtoni au ziwani amonia hiyo hupotea ndani ya maji mengi. Kwenye tangi lako haina pa kwenda. Hesabu: 50 mara 30 mara 30, gawanya kwa 1,000, unapata lita 45, ukitoa changarawe na nafasi iliyoachwa juu zinabaki kama 38. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Lakini chungu hujisaidia nje ya kifuu.

Kinachookoa tangi ni makundi mawili ya vijidudu. La kwanza, ambalo wanaojulikana zaidi ni Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: hubadilisha himoglobini isiweze kubeba oksijeni, damu ikawa ya kahawia, samaki akakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Ndiyo maana wako wanahema juu juu. Ama matamvua yameunguzwa na amonia, ama damu imeshikwa na nitriti, na huenda ni yote mawili. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, na mimea huila. Kwa miaka mingi wafugaji tulifundishwa kwamba kundi hilo la pili ni Nitrobacter, hadi utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba ndani ya matangi kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira.

Vijidudu hawa hawaelei majini kwa wingi. Wanajibandika: kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole. Kwa hiyo ulipomwaga maji hukupoteza wengi. Ulipomimina maji ya moto juu ya changarawe na kusugua sponji kwa sabuni, hapo ndipo ulipowamaliza. Na maji ya bomba yasiyoondolewa klorini yakawafuata waliosalia, kwa sababu klorini huwekwa kwenye maji kwa kazi hiyohiyo ya kuua bakteria. Haiulizi ni wabaya au wazuri.

Na ule ukungu mweupe? Ulikuwa ni bakteria wengine, wale wa kuozesha, wanaokula mabaki ya chakula. Hao hugawanyika upesi sana, baadhi yao kwa chini ya saa moja wakipata mlo wa kutosha. Wale wa amonia na nitriti ni wazito, huhitaji saa nyingi, mara nyingine siku nzima au zaidi, kugawanyika mara moja tu. Ndiyo sababu tangi jipya huingia ukungu kabla halijakomaa. Ungelipunguzia chakula ukaliacha, ukungu ungejiondokea baada ya siku chache hadi wiki. Kila ulipoosha ulirudi siku ya kwanza, mara mbili mfululizo, huku samaki wakiendelea kutoa amonia ile ile. Maji kung'aa hakusemi lolote hapa: amonia haina rangi na nitriti haina rangi.

Kuna jambo moja kuhusu amonia ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Ndani ya maji inakuwa na sura mbili zinazobadilishana: amonia yenyewe, ambayo ndiyo kali, na amoniamu, ambayo ni hafifu kwa samaki. Vipimo vya kawaida huzisoma zote pamoja. Kinachoamua ipi ni nyingi ni pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya sura ile kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi. Yaani kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuwa usumbufu tu katika tangi moja na kifo katika lingine. Ndiyo maana nimekwambia upime pH pamoja nayo.

Basi, kuanza upya.

Kama unamfahamu mtu mwenye tangi kubwa lililokomaa, au bwawa la bustani kwa hao wa dhahabu, ningekushauri umpe samaki wote watano, ubaki na tangi tupu. Najua inauma. Lakini hao watano hawakuwa wa kukaa pamoja tangu mwanzo. Samaki wa dhahabu wa kawaida hufika sentimita 20 na kupita, huishi miaka 10 na zaidi akitunzwa, hula sana, huchafua sana, na hupenda maji ya ubaridi kiasi. Neoni hutoka vijito vya joto vya bonde la Amazon. Ukimpendeza mmoja unamtesa mwingine. Na huyo anayejibandika kwenye kioo, kama ni yule wa kawaida madukani, atakua hadi sentimita 30 au 40. Tangi lako lina upana wa 30. Atakapokomaa hataweza hata kugeuka. Halafu hali uchafu. Hula mwani, mboga na vyakula vya kuzama, na kinyesi anachoacha kinawashinda neoni wote sita kwa pamoja. Hakuna samaki anayesafisha tangi, na anayekuuzia kwa maneno hayo anakuuzia mzigo.

Usiwapeleke mtoni wala bwawani porini, hata kama ni kwa huruma. Samaki wa dhahabu walioachiliwa wameenea kwenye mito na maziwa ya nchi nyingi ambako si kwao, wakavuruga maji na kuleta magonjwa kwa wenyeji.

Kabla ya kujaza tena, angalia mahali lilipo. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo pamoja na kioo na changarawe tangi lako linakaribia kilo 60. Meza nyepesi hupinda, kioo hupasuka kwenye kona, nawe unaamka unaogelea. Weka sehemu imara, iliyonyooka kwa pimamaji, na kama tangi halina fremu chini yake tandika povu jembamba la kulalia. Mbali na dirisha: jua la moja kwa moja hupasha maji na kulisha mwani. Nyaya za umeme ziteremke chini ya soketi kisha zipande, ili tone la maji linalotambaa kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Pampu ya hewa ikae juu kuliko uso wa maji au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji hujivuta kupitia mpira hadi sakafuni. Hita kadiria wati moja kwa lita, na uizime robo saa kabla ya kupunguza maji, kwani hita yenye moto ikiachwa hewani hupasuka.

Hiyo sponji uliyoipaka sabuni, itupe. Sabuni hujificha ndani ya vinyweleo vyake na huwezi kuwa na hakika imetoka. Nunua mpya. Changarawe suuza kwa maji matupu mpaka yatoke safi. Tangi likiwa bado halina uhai hakuna cha kuharibu. Tafuta ndoo mbili zisizowahi kuguswa na sabuni, uziandike kwa wino usiofutika kwamba ni za samaki.

Kuhusu maji ya bomba, uliza wanaoyasambaza kama wanatumia klorini au kloramini. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiacha maji kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, na upesi zaidi ukiyapulizia hewa. Kloramini haitoki hivyo. Ndiyo sababu yake ya kutumiwa, kwamba inadumu. Dawa za kawaida za kuondoa klorini huwa na sodiamu thiosalfeti, ambayo humaliza klorini mara moja, ila ikikutana na kloramini hubakiza amonia. Kama maji yenu yana kloramini nunua ile dawa ambayo kibandiko chake kinasema inafunga na amonia pia.

Sasa unakuja wakati ambao wengi wanaushindwa, kwa sababu hakuna cha kuangalia. Tangi limejaa, kichujio kinazunguka, joto ni 26 hadi 28, na hakuna samaki. Unawalisha bakteria. Unaweza kutumia amonia ya maji isiyo na manukato wala kitoa povu. Itikise chupa, ikitoa povu linalodumu iache. Weka kidogo kidogo hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Usipoipata, tupia kila siku chembe chache za chakula cha samaki zioze. Inachukua muda zaidi na inanuka, lakini inafanya kazi. Baada ya wiki moja au mbili utaona amonia inaanza kushuka na nitriti inapanda. Hapo watu hufurahi wakakimbilia dukani. Ngoja. Nitriti hupanda juu sana na hukaa huko kwa siku nyingi kana kwamba imekwama, kisha siku moja inaporomoka. Tangi limekomaa pale unapoweka amonia miligramu 2 usiku, na kesho yake saa ileile amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita tangu ulipoanza. Hapo badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati iliyorundikana, punguza joto hadi 25, ndipo uende kuchagua samaki.

Njia ya mkato ipo, na ni moja tu ninayoiamini kikamilifu: kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi la mtu ambaye samaki wake hawaumwi. Kibebe ndani ya maji ya tangi lake, kisikauke, ukiweke ndani ya kichujio chako siku hiyohiyo. Wiki sita zinaweza kuwa mbili. Chupa za bakteria zinazouzwa ni bahati nasibu kidogo. Zipo zinazofanya kazi, lakini ni viumbe hai, na chupa iliyokaa juani miezi kadhaa haina tofauti na maji. Ukitumia, bado pima.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington alichapisha maelezo ya jaribio lake: samaki wawili wa dhahabu, mmea wa majini wa Vallisneria, na konokono wachache wa kula majani yanayooza, vyote kwenye chombo kimoja ambacho hakuwa akibadilisha maji. Vilikaa. Alielewa kwamba mmea na samaki wanabadilishana gesi, na konokono anaziba pengo la uozo. Asichojua ni hao bakteria. Mwanawe, naye Robert Warington, alikuja kuwa mkemia wa kilimo, akatumia miaka mingi kuchunguza jinsi amonia inavyogeuka kwenye udongo, na akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili, kila moja na vijidudu vyake. Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuwatenga, karibu mwaka 1890. Kila ninapoona mtu anachemsha sponji huwakumbuka baba na mwana hawa.

Vallisneria ya Warington bado ni chaguo zuri kwa anayeanza, pamoja na anubia na jimbi la Java. Hizo mbili za mwisho usizizike kwenye changarawe. Zifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, shina lao likizikwa huoza. Mimea hunyonya amonia moja kwa moja na nitrati pia, hivyo tangi lenye mimea mingi husamehe makosa. Taa isizidi saa 6 hadi 8 kwa siku, na uiwekee kifaa cha saa kuiwasha na kuizima. Mwani ukija, shuku taa na chakula kabla ya kununua dawa.

Samaki wa kufaa lita 38? Chaguo la kwanza ni beta dume mmoja, peke yake bila dume mwenzake, ambaye huvuta hewa moja kwa moja juu ya maji kwa kiungo maalumu kichwani, kwa hiyo mkondo wa chujio uwe wa taratibu. La pili ni gapi madume matano au sita. Nasema madume kwa makusudi. Jike wa gapi huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi, na huhifadhi mbegu ya dume kwa miezi, kwa hiyo hata jike mmoja aliyenunuliwa pekee yake anaweza kukujazia tangi. La tatu ni neoni wanane, lakini wao subiri miezi miwili au mitatu baada ya tangi kukomaa. Ni wepesi wa kuyumba, na wakiwa wachache hujificha na kupauka, ni samaki wa kundi. Chagua moja kati ya hayo. Utasikia kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa kila lita. Sipendi kuitumia, kwa sababu samaki kumi wa sentimita mbili na samaki mmoja wa sentimita ishirini hawalingani hata kidogo, wala kanuni haijui nani anakua.

Waingize kwa awamu, watatu au wanne kwanza, wengine baada ya wiki mbili vipimo vikiwa sifuri. Mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha uongeze maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa nusu saa, mwisho uwavue kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga kwenye sinki. Usilete maji ya duka nyumbani kwako.

Mlishe mara moja au mbili kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki usiwape kitu. Samaki atakuja kioo cha mbele kukuomba hata kama amekula sasa hivi. Hiyo ni tabia, siyo njaa.

Kazi ya kila wiki haizidi nusu saa. Nyonya robo ya maji kwa mpira, ukipitisha mdomo wake juu ya changarawe uchukue taka, rudishia maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto sawa. Kujazia yaliyovukiza siyo kubadilisha: maji huvukiza, chumvi na nitrati hubaki, na ukijazia tu kwa mwaka mzima unakuwa na mchuzi. Nitrati jitahidi isipite miligramu 40 kwa lita, chini ya 20 ni bora. Kazi ya bakteria pia hula ule uwezo wa maji wa kuzuia asidi, kwa hiyo tangi lisilobadilishwa maji hushuka pH kimyakimya, na hao bakteria wenyewe hulegea. Ukilikuta tangi la namna hiyo usilibadilishe nusu ya maji kwa mkupuo. pH ikipanda ghafla, amoniamu iliyokuwa imetulia hugeuka ile sura kali. Asilimia 10 kila siku hadi litulie.

Sponji uioshe mtiririko wa maji unapopungua, pengine mara moja kwa mwezi, na uioshee ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Kamua mara tatu nne, maji yatakuwa meusi, irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Hiyo kahawia ndiyo mali yako.

Umeme ukikatika, shida ya kwanza ni oksijeni, kwa samaki na kwa bakteria walio ndani ya kichujio kilichosimama. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, au uwe na pampu ndogo ya betri. Ikipita saa kadhaa, toa sponji kwenye kichujio kilichofungwa uiweke ndani ya tangi. Kichujio kilichokaa kimefungwa siku nzima usikiwashe bila kukisuuza kwanza, kina maji yaliyooza.

Magonjwa yana jibu lake lenyewe, ila moja litakufikia siku moja, nalo ni vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi na mwili. Kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis, hukaa chini ya ngozi ya samaki ambako dawa haimfikii, kisha hudondoka chini, hugawanyika kwa mamia, na watoto wake huogelea kutafuta samaki. Dawa huua hao wanaoogelea tu. Kwa hiyo vidoa vikitoweka siku ya tatu, samaki hajapona. Endelea kadiri kibandiko kinavyosema, na toa mkaa kwenye kichujio, kwani mkaa hunyonya dawa. Ukiweza, kila samaki mgeni akae wiki mbili hadi nne kwenye chombo cha pembeni. Na akifa mmoja mtoe mara moja. Samaki mmoja akioza wote wameoza: kwenye tangi hiyo si methali, ni kipimo cha amonia.

Turudi kwa watano wako. Kesho asubuhi, kabla hujabadilisha maji, pima uniandikie namba nne: amonia, nitriti, pH na joto. Andika pia kama matamvua yao ni mekundu kama yamechubuka au yamekuwa ya kahawia. Kwa hayo nitakwambia kama tuendelee na theluthi kwa siku au tuongeze, na kama hao neoni wawili wanaweza kusafirishwa sasa au wapumzike kwanza.